Bi Mwanarusi na Kicheko cha Sandukuni

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Bi Mwanarusi ni kwamba aliipa televisheni mgongo. Watu wengine wote ukumbini mwake walikuwa wameielekea: watoto mkekani mbele, akina mama nyuma yao, vijana wamesimama mlangoni. Yeye peke yake alikuwa amekalia kibao cha mbuzi, cha kukunia nazi, kando ya meza ya televisheni, uso wake umewaelekea watazamaji, kama mwalimu anayesimamia mtihani. Kioo kilikuwa kikionyesha kichekesho kipya cha hapa nchini. Mtu mwenye suruali kubwa alikimbizwa na mkewe, akateleza, akaangukia beseni la maji. Watoto wakaangua kicheko. Bi Mwanarusi hakugeuka kumtazama aliyeanguka. Alikuwa akiwatazama waliocheka.

Hiyo ilikuwa mapema mwaka huu wa 1999, nami nilikuwa mgeni Timbwani, huku Likoni. Nilikuwa nimehitimu chuo kikuu mwaka uliotangulia, nikapata kazi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari upande wa Shika Adabu, na Bi Mwanarusi akanikodisha chumba. Nyumba yake ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma ambako wapangaji wote hupikia na kufulia. Chumba kilichopakana na changu kilikuwa kimefungwa kufuli, ingawa watu walikuwa wakija kila mwezi kukiulizia.

Watazamaji walipotawanyika nilimuuliza, "Bi, mbona hutazami?"

"Natazama sana, mwanangu. Ila mimi hutazama nyuso. Mchezo wenyewe uko huko."

"Na hivi vichekesho vya siku hizi huvipendi?"

Alifikiri kwanza, kwa sababu si mtu wa kujibu ovyo. "Vyachekesha," alisema. "Mtu akianguka utacheka, hilo halitaki elimu. Lakini vile vya Waingereza, vya zamani, mtu alikuwa haanguki. Yuwataka kuanguka, na adabu yamkataza. Hapo ndipo mbavu zilipokuwa zikituuma."

Akaifunika televisheni kwa kitambaa cha kufuma, akakinyoosha pembe zote. "Hii si yangu," alisema. "Ni ya mtani wangu, Odhiambo. Chumba hicho kilichofungwa pia ni chake."

"Yuko wapi sasa?"

"Changamwe, ng'ambo ya feri." Akaichukua taa yake ya chemli, kwa kuwa umeme ulikuwa umeanza kuchezacheza, akaelekea uani. Sikuuliza zaidi siku hiyo. Lakini katika miezi iliyofuata, akipepeta mchele au akikuna nazi, alinieleza habari yote kipande kwa kipande, nami naiandika hapa kwa mpangilio, kwa sababu naamini maisha yake yanastahili kuandikwa.

Erastus Odhiambo alikuja Timbwani mwaka 1983 na mkewe Philister. Alikuwa dereva wa kreni bandarini, kijana mrefu wa Nyanza mwenye sauti iliyozoea kushindana na mitambo. Mwaka uliofuata alinunua televisheni, ya picha nyeusi na nyeupe. Chumbani mwake palikuwa na kitanda, kabati na binti yao mchanga Florence, na hapakubaki nafasi hata ya kuweka kiti. Mzee Boga, mumewe Bi Mwanarusi, akamwambia aiweke ukumbini. Tangu hapo, kila Alhamisi baada ya sala ya magharibi, ukumbi ulijaa, na waliokosa nafasi walining'inia kwenye nondo za dirisha.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kichekesho cha Waingereza. Bi Mwanarusi hajui jina lake, wao waliuita "mchezo wa wajane." Kulikuwa na dada wawili wajane katika mji wa pwani, pwani ya baridi ambako watu huenda ufuoni wamevaa makoti. Walikuwa na nyumba ya kupangisha, na mpangaji wao alikuwa kapteni mstaafu wa jeshi. Katika mchezo huo halikutokea jambo kubwa lolote. Kapteni alitaka chumvi na hakuthubutu kuiomba. Dada mkubwa alitaka kapteni aende kulala, na badala ya kumwambia, akamwongezea chai. Dada mdogo alimpenda kapteni, na kila alipotaka kusema alizungumzia mvua.

Watu wa Timbwani wengi hawakujua Kiingereza. Odhiambo alikijua, lakini Kiswahili chake wakati huo kilikuwa cha kubebwa kutoka bara na hakijapigwa pasi. Basi wakagawana kazi. Odhiambo alisimama upande mmoja wa televisheni akitafsiri neno kwa neno. Bi Mwanarusi alikaa upande wa pili juu ya kibao cha mbuzi, akilichukua lile neno bichi la Odhiambo na kulipika.

"Anasema," Odhiambo angetangaza, "hawezi hata kuota ndoto ya kumsumbua kapteni."

"Yaani amwambia: starehe bwanangu, hapo ulipo ni kwako, usiondoke," Bi Mwanarusi angedakia, kwa sauti ya mwenyeji aliyechoka na mgeni wake tangu adhuhuri. "Na moyoni asema: ewe mja wa Mungu, huoni kwamba nimeshakunja mkeka?"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, kwa sababu hakuna aliyekuwa humo ambaye hajawahi kumwambia mgeni "starehe" huku akiomba aondoke. Nimesoma vitabu vingi chuoni kuhusu tofauti za tamaduni. Bi Mwanarusi hakuisoma tofauti hiyo, na labda ndiyo sababu hakuiona. Kwake yeye wale dada wawili walikuwa wanawake wa Likoni waliozaliwa mahali pa baridi kwa bahati mbaya.

Tatizo lilikuwa kile kicheko cha sandukuni. Kila dada mkubwa aliposema neno, watu wasioonekana walicheka ndani ya televisheni, na mwanzoni jambo hilo lilizua ubishi.

"Hao wanaocheka wako wapi?" Mzee Boga aliuliza. "Mbona hatuwaoni?"

"Wako dirishani," Bi Mwanarusi alimjibu bila wasiwasi. "Ni majirani. Nyumba hiyo ndiyo yenye televisheni."

Hakuna aliyempinga, wala Odhiambo, ambaye ndiye angeweza kupinga. Lakini wale majirani wa Uingereza walicheka mapema, kabla Odhiambo hajamaliza kutafsiri, na Bi Mwanarusi hakukubali kushindwa nao. Akaanza kuwasoma wajane kwa nyuso zao. Akiona dada mkubwa amekishika kikombe kwa namna fulani, alilisema neno la Kiswahili kabla Mwingereza hajafungua kinywa, ili kicheko cha Timbwani na kile cha sandukuni viende pamoja. Baada ya mwaka mmoja alikuwa hahitaji tena kutazama kioo. Alisikia sauti nyuma yake, akazitazama nyuso mbele yake, akajua kazi inakwendaje.

Mara nyingi Odhiambo alibaki nyuma. Siku moja Mzee Boga alimwambia mbele ya watu wote, "Wewe Odhiambo, ulimi wako mzito kuliko hayo makontena unayoyanyanyua."

Mpangaji angeweza kukasirika, tena ndiye mwenye televisheni. Odhiambo akajibu, "Kweli, mzee. Lakini mimi nikinyanyua kontena linafika meli. Wewe ukinyanyua jembe, shamba linaendelea kulala."

Mzee Boga alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi huyu ni mtani," alitangaza. "Mmemsikia nyote. Kuanzia leo hana ruhusa ya kukasirika, wala sisi hatuna."

Kwa msomaji asiyejua utani wetu, lazima nieleze. Huku pwani ukoo huwa na watani wake wa jadi. Mtani wako atakutukana hadharani, atakuvua kofia, atakuja matangani nyumbani kwako avae nguo za marehemu na kudai wali zaidi, na wewe huna haki ya kununa. Ni ruhusa inayotoka kwenye kuaminiana. Mjaluo kutoka Nyanza hakuwemo katika orodha ya watani wa mtu yeyote Timbwani, lakini Mzee Boga alikuwa amesema, na mwenye nyumba akisema limekwisha. Mzee alipofariki mwaka 1988, Odhiambo alifika matangani amevaa kanzu ya marehemu, ikamfika magotini, akasimama mlangoni akidai kuamkiwa shikamoo. Bi Mwanarusi anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza alipocheka tangu kifo, na kwamba bila kicheko hicho asingeweza kula.

Mchezo wa wajane ulikoma kuonyeshwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Zikaja kanda za video, vikaja vichekesho vya kukimbizana, na wakaja wachekeshaji wa majukwaani ambao kazi yao yote ilikuwa kuiga lafudhi: Mkikuyu asemavyo, Mjaluo asemavyo, Mmijikenda asemavyo. Watu walicheka. Rama, mpwa wake Bi Mwanarusi, alikuwa na kipaji hicho, naye alimwiga Odhiambo mbele yake mwenyewe, na Odhiambo akacheka na kumwiga yeye. Lakini siasa za vyama vingi zilipopamba moto, utani wa lafudhi ulianza kuota miiba. Watu wasiokuwa watani wa mtu walianza kutania. Yule aliyetaniwa hakuulizwa kama anacheka.

Kisha ikaja Agosti ya 1997. Siandiki hapa habari za machafuko ya Likoni, watu wa bara walipofukuzwa. Waliofiwa na waliochomewa nyumba bado wanaishi nayo. Nitasema tu kwamba asubuhi moja Odhiambo, Philister na watoto walibeba walichoweza kubeba wakaondoka, kama walivyoondoka maelfu wengine wa kutoka bara. Bi Mwanarusi aliwafungia maandazi katika kitambaa. Pale mlangoni, mbele ya majirani waliokuwa wakitazama kimya, alimpa Odhiambo mkono na kumwambia, "Nenda salama, Bwana Odhiambo. Mungu awahifadhi."

Alikifunga chumba kwa kufuli lake mwenyewe. Televisheni ilibaki, na Odhiambo hakuvuka feri tena kuifuata.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa Juni mwaka huu Bwana Ishaka, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa kijiji, alikuja nyumbani. Ukumbi huo ulikuwa umeharibika vibaya wakati wa machafuko, na ukarabati wake ulikuwa unakaribia kwisha. Kamati ilitaka siku ya ufunguzi iwe na burudani.

"Tuna taarabu," alisema Bwana Ishaka. "Tuna watoto wa shule watakaokariri mashairi. Wengine wamesema, Bi, utusimulie ule mchezo wa wajane."

"Siusimulii," alisema Bi Mwanarusi. "Nitaucheza."

Alikuwa ameshauwaza wote, hata ikaonekana kana kwamba Bwana Ishaka ndiye aliyechelewa. Kapteni angekuwa mpangaji kutoka bara. Wajane wangekuwa yeye na jirani yetu Nyamvula. Mpangaji angekalia kofia ya kiua, ile kofia ya kushonwa kwa mkono ambayo mjane mkubwa ameitengeneza kwa miezi mingi, na mjane asingeweza kumwambia ainuke, kwa kuwa mgeni hainuliwi. Angejaribu kila hila. Angemwalika kutazama mbaazi uani. Angemletea habari kwamba chifu yu mlangoni, maana kila mtu husimama chifu akiingia, na mpangaji kwa kumwogopa chifu angezidi kujikunyata palepale juu ya kofia.

Bwana Ishaka alicheka kabla hajamaliza kusikiliza. "Na mpangaji tunaye," alisema. "Rama. Wallahi akisema Kijaluo chake watu watazirai."

"Si Rama. Odhiambo."

Bwana Ishaka aliacha kucheka. "Bi Mwanarusi, muombe Mungu. Odhiambo hajakanyaga huku karibu miaka miwili. Na akija, akisimama mbele ya watu, mtu mmoja tu akicheka vibaya, utafanya nini?"

"Nikimpa Rama amwige mtu wa bara, watu watacheka. Lakini watakuwa wakimcheka nani? Yule asiyekuwapo. Kicheko hicho tumekicheka miaka, na tumeona kilikotufikisha." Alisema haya bila kupandisha sauti. "Odhiambo akija, nacheza. Asipokuja, leta taarabu yako."

"Ufunguzi ni mwezi wa Agosti. Nahitaji neno mapema."

"Utalipata."

Jumapili iliyofuata alinitaka nimsindikize Changamwe. Alivaa buibui lake jipya, akabeba kashata na kilo mbili za mbaazi. Odhiambo alikuwa akiishi katika ploti moja karibu na kiwanda cha mafuta, vyumba vimepangana kama mabehewa. Alikuwa amenenepa na nywele zimeanza kuingia mvi. Alisimama, akampa Bi Mwanarusi mkono.

"Hujambo, Bwana Odhiambo," Bi Mwanarusi alisema. "Hamjambo nyumbani? Watoto hawajambo? Kazi ni njema?"

"Ni njema, Bi. Karibuni. Keti, mwalimu."

Philister alileta soda. Bi Mwanarusi alitoa zawadi zake, akaomba radhi kwa kuja bila taarifa, akauliza afya ya Florence, akauliza afya ya ndugu zao wa Nyanza. Kisha akalieleza ombi lake kwa upole wote alionao, akichagua maneno kama achaguaye mchele. Kama Bwana Odhiambo angekuwa na nafasi. Kama isingekuwa usumbufu. Kama mwenyewe angependa.

Odhiambo aliiangalia chupa yake ya soda. "Asante, Bi, kwa kunikumbuka," alisema. "Lakini zamu za bandarini siku hizi ni nyingi. Itakuwa vigumu."

"Twaelewa, Bwana Odhiambo."

"Ndiyo, Bi."

Nilikuwa nimekaa baina yao, na nilifikiri kwamba heshima ile ilikuwa dalili nzuri. Philister alitusindikiza hadi barabarani. Tulipokuwa tumeuacha mlango wao mbali, alimshika Bi Mwanarusi mkono.

"Mama, nikuulize. Kwa nini unamwita Bwana?"

"Namheshimu."

"Ulikuwa humheshimu miaka kumi na minne?" Philister alisema. "Ulikuwa unamwita kichwa maji. Ulimwita kreni mbovu. Siku ile tunatoka, watu wote wametunyamazia, yeye alikuwa anakungojea wewe umwambie neno baya. Hata moja. Ukamwita Bwana. Tulipofika feri akaniambia, 'Philister, twende. Hata Mwanarusi amenifanya mgeni.'"

Tulivuka, tukapanda mlima wa feri, tukafika nyumbani, Bi Mwanarusi akaingia chumbani na buibui lake. Asubuhi nilimkuta uani akikuna nazi kwa nguvu kuliko nazi ilivyohitaji.

"Nilimwonea haya," aliniambia. "Watu wetu walikuwa wamewatenda vile, mimi nitamtaniaje? Niliona utani wangu utakuwa kama mkono mwengine wa kumsukuma. Nikashika adabu." Akakitupa kifuu. "Mtani hashikiwi adabu. Ni kumfukuza huko. Nimemfukuza mimi, mwanangu, kwa mkono mlaini kuliko wote."

"Si kosa lako peke yako, Bi."

"Sikukuuliza ni la nani. Jumapili twenda tena."

Niliona ni mapema mno, nikamwambia kwamba mtu aliyekataa hupewa muda. Alinitazama kama alivyowatazama watoto wanaomcheka mtu kuangukia beseni.

Safari hii hakubeba zawadi. Alivaa leso kuukuu na kandambili. Tulipofika kwenye ile ploti hakubisha hodi. Alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, akaita kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

"Wewe Odhiambo! Wewe kreni mbovu! Toka nje nikuone!"

Milango ilifunguka huku na huku. Mwanamke mmoja aliacha kufua. Kijana mmoja aliyevaa ovaroli aliuliza, "Kuna nini, mathe? Amekukosea?"

"Amenikosea sana! Ameniachia sanduku lake ukumbini, naliamkia asubuhi, nalifunika jioni, kana kwamba nimeolewa nalo! Na yeye yuko huku anenepa kama pipa la lami! Odhiambo! Au huo mwili hautoshi mlangoni?"

Philister alitokea, akaziba mdomo kwa kanga. Nyuma yake akatokea Odhiambo, fulana na saruni, uso hauna kitu. Alimtazama Bi Mwanarusi. Majirani walimtazama yeye. Kijana wa ovaroli alisogea mbele kidogo, tayari kuamua ugomvi.

"Nyinyi," Odhiambo aliwaambia majirani taratibu, "mnamjua huyu mwanamke?"

Akamnyooshea kidole Bi Mwanarusi.

"Huyu alinifundisha Kiswahili. Ndiyo maana sijakijua mpaka leo."

Bi Mwanarusi alipiga kofi moja la mikono, na wote wawili wakaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha kukohoa, cha watu waliokuwa wamekisahau. Odhiambo akakaa kizingitini. Philister alikuwa akicheka na kulia. Kijana wa ovaroli alirudi alikotoka akisema hawa wazee wa pwani hawaeleweki.

"Kichwa maji," Bi Mwanarusi alisema, akijifuta macho kwa leso.

"Mchawi wewe," alisema Odhiambo. "Mbona ulichelewa?"

Walikaa mchana kutwa. Hawakuzungumzia Agosti ile kwa urefu, lakini hawakuikwepa. Odhiambo alisema kuna njia za Likoni ambazo hadhani ataweza kuzipita, na Bi Mwanarusi akasema kuna nyumba ambazo naye hazipiti. Kisha akamweleza mchezo upya, bila "kama" hata moja.

Odhiambo alisikiliza, akatikisa kichwa. "Umeuharibu," alisema.

"Nimeuharibu wapi?"

"Huyu mpangaji wako ni wa kuhurumiwa. Amekalia kofia hajui, anamwogopa chifu hajui kwa nini, nyote mnamstahi. Mtu asiyechekwa vizuri ni mgeni tu. Mimi sitaki kuhurumiwa kwenye jukwaa la Timbwani."

"Wataka nini basi?"

"Nataka ajue." Odhiambo aliinuka, akakaa tena, polepole, kwa uso wa mtu aliyehisi kitu chini yake. "Ameshajua amekalia kitu. Anafikiri ni andazi, andazi ambalo wewe mwenye nyumba umelisahau kwenye kiti kwa uchafu wako. Sasa akiinuka atakuaibisha mbele ya mdogo wako. Basi hainuki! Kwa heshima yako! Wewe unangoja ainuke, yeye anangoja utoke. Wote mnajua, wote hamsemi. Mpaka wote wawili mnatoka jasho."

Bi Mwanarusi akaanza kuzungumza na kofia isiyoonekana, na Odhiambo akamjibu, na uani pale Changamwe, mbele ya beseni za nguo na watu wa ploti waliorudi kutazama, mchezo ukajichezea wenyewe. Mwanamke aliyekuwa akifua alicheka mpaka akakaa chini. Bi Mwanarusi, niliona, alikuwa amekaa kwa namna ya kuziona nyuso zote.

Wamefanya mazoezi kila Jumapili tangu siku hiyo, yote Changamwe, Nyamvula akifuata nyuma na kapu. Kuvuka ni jambo jingine. Mara mbili Odhiambo alisema atakuja kuuona ukumbi, na mara mbili zamu ilimshika, au alisema ilimshika. Bi Mwanarusi hakumlaumu. Alimtumia salamu kwamba asipokuja sehemu yake itachezwa na mbuzi wa Bwana Ishaka, kwa kuwa sura ni moja.

Jana alasiri simu ya dukani kwa jirani ililia, tukaitwa. Nilikipokea chombo kwa sababu Bi Mwanarusi hakiamini.

"Mwalimu," ilisema sauti ya Odhiambo, "mwambie huyo mchawi nakuja Jumamosi mchana na mama Florence na Florence mwenyewe. Mwambie asije kunipokea feri kama mgeni. Njia naijua."

Nilimweleza. "Nani ampokee?" Bi Mwanarusi alisema kwa sauti kubwa ili simu isikie. "Mimi nina kazi!" Lakini tuliporudi nyumbani alitoa ufunguo kwenye upindo wa leso, akafungua lile kufuli, akafagia chumba, akapiga deki, na kumtuma Rama akatafute godoro la kuazima. Rama alikwenda bila kuiga lafudhi ya mtu. Ameomba apewe kazi ya kuwa chifu, na Bi Mwanarusi amesema atafikiria.

Leo asubuhi Bwana Ishaka alikuwa ukumbini akipanga mabenchi. Rangi ya kuta haijakauka vizuri na harufu yake inafika barabarani. Watu wengi wameahidi kuja, wa Timbwani na wa Shika Adabu, na nimesikia kwamba familia tatu zilizohamia ng'ambo zimeuliza saa ya kuanza. Bi Mwanarusi alikagua jukwaa, akasogeza kiti cha mpangaji mbele kidogo, akarudi nyuma kukitazama, akakisogeza tena.

"Na asipokuja?" Bwana Ishaka alimuuliza.

"Atakuja."

"Nauliza tu, Bi. Watu watakuwa wamejaa. Nitawaambia nini?"

"Waambie wakae wangoje, kama mimi."

Aliketi kwenye benchi la mbele kuona kama kiti kinaonekana vizuri kutoka hapo. Kinaonekana. Ufunguzi ni keshokutwa, baada ya sala ya alasiri.